Mshipi Uliokatwa kwa Kisu

Baba, shikamoo.

Nakuandikia kwenye karatasi ya kaki, ile ninayochorea vipimo vya nguo, kwa sababu daftari zote hapa kibandani zimejaa majina ya wateja. Mvua ya vuli imewafukuza watu barabarani, na hapa Mabatini hakuna anayekuja kuchukua gauni kwenye mvua. Jumamosi hii unatimiza mwaka tangu utuache. Shangazi Kabula ameshapanga kila kitu: nani ataleta maturubai, nani atapika, padri ameshaambiwa. Kuna jambo moja tu ambalo dada yako hajui, na nataka ulisikie wewe kabla yake.

Unakumbuka jina ulilonipa. Nilikuwa na miaka saba, nikamuuliza mama kwa nini siku hizi ananunua mkaa kwa jirani mpya na si kwa yule wa zamani, na kwa nini jirani mpya anacheka sana. Ukasema mtoto huyu amezaliwa na kirungu mkononi, tumwite Afande. Sijabadilika, Baba. Nyanya bado nazigeuza moja moja mpaka muuzaji ananuna. Mteja akinisifia sana natazama ameshika nini mkononi. Ulikuwa unasema nimerithi kwa mama, mama alikuwa anasema nimerithi kwako, na mimi nilikuwa nawashuku wote wawili.

Sasa mtu wa namna hiyo akifiwa ghafla haishii kulia. Anauliza.

Siku ile ulitoka saa kumi na moja jioni, na ndoo yako ya rangi, kopo la nyungunyungu, na mshipi wako umezungushwa kwenye kile kibao cha mninga ulichokichonga mwenyewe, chenye herufi za jina lako ulizozichoma kwa msumari wa moto. Ulikuwa unakwenda kwenye jiwe lenu pale Igogo, wewe na Mzee Magesa, kama kila Jumamosi tangu ulipoacha useremala. Nilikuambia vaa sweta, mawingu yanakuja. Ukasema, "Sawa, Afande." Hukulivaa. Nililikuta juu ya kiti.

Saa moja na robo Mzee Magesa alisimama mlangoni peke yake, na ndoo yako mkononi. Watu wa pale ufukweni walikuwa wamekupakia kwenye bajaji kwenda hospitali, lakini ulikuwa umeshaondoka. Moyo, walisema. Ndani ya ndoo kulikuwa na sangara, mkia umetokeza nje, mkubwa kuliko wote uliowahi kuleta nyumbani. Nikauliza mshipi uko wapi. Mtu amekuja kuniambia baba yangu amekufa, na mimi nauliza mshipi. Mzee Magesa akatazama chini akasema umekatika, umekwenda na maji.

Samaki yule nilimparua mimi. Shangazi alinikataza, akasema mfiwa haparui samaki, mfiwa anakaa kwenye mkeka. Mikono yangu ilikataa kukaa. Nilipofungua kinywa cha yule sangara niliiona ndoano yako, na fundo lako lile la kuzungusha mara tano, na kipande cha mshipi kisichozidi kidole. Baba, mimi ni fundi cherehani. Uzi uliokatika kwa kuvutwa ncha yake huwa nyembamba na hujikunja. Uzi uliokatwa ncha yake ni bapa. Ule ulikuwa umekatwa kwa kisu, tena kisu kikali.

Na kama ulikatika ukaenda na maji, sangara alikuja vipi ndani ya ndoo?

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili nililiona tulipokwenda kukuaga. Nilishika mkono wako wa kulia, ule uliopindisha kidole kwenye randa, na katikati ya kiganja kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, umezama kwenye nyama kama alama ya mtu aliyefungwa. Nikaufunika mkono wako kwa shuka wengine wasione. La tatu lilikuwa Mzee Magesa mwenyewe. Mtu yule ambaye mlikuwa mkigombea kichwa cha samaki mpaka mama anawatishia mwiko, siku ya msiba wako aliletewa kichwa cha sangara yule kwenye sahani, akakisukuma. Akasema hana njaa. Wengine tulikula. Mimi nilikula, Baba, na nilirudia mchuzi.

Nikaweka yale matatu pamoja. Wiki ya pili nikamwambia Shangazi Kabula habari za mshipi uliokatwa kwa kisu.

Unamjua dada yako. Siri kwake hailali. Kufikia arobaini, Igogo nzima ilikuwa inajua kwamba kifo chako kina mkono wa mtu. Sikuwa nimesema hivyo, lakini sikuwa nimesema sivyo. Watu wakaanza kutaja macho ya Mzee Magesa, kwamba ni mekundu. Macho yale yamekuwa mekundu tangu mimi sijaanza shule, kwa sababu yeye na mkewe wanakausha samaki kwa moshi nyuma ya nyumba, na kila mtu mtaani amewahi kula samaki wale. Ghafla wakasahau moshi wakakumbuka macho. Wanawake wakaacha kununua kwake. Watoto wakaambiwa wasipite mlango wake. Mwezi wa saba mtu alirusha mawe kwenye bati lake alfajiri, na unajua huku kwetu mawe kwenye bati la mzee mwenye macho mekundu yanamaanisha nini, na baada ya mawe hufuata nini.

Mimi nilikuwa nashona. Nilisikia yote nikajiambia lisemwalo lipo.

Halafu, wiki mbili zilizopita, nilipita kwake kupeleka sare ya mjukuu wake. Mlango ulikuwa wazi. Ukutani, kwenye msumari, kilining'inia kibao cha mninga chenye herufi za jina lako. Mshipi umezungushwa vizuri, umejaa. Ule ule uliokwenda na maji.

Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima utoke. Lakini uliniambia mara ngapi kwamba samaki hafukuzwi, anangojwa? Nikameza. Nikampa sare, nikamwambia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, na kwa sauti tamu kuliko zote nilizo nazo nikamwomba anifundishe kuvua kwenye jiwe lenu. Nilifikiri atatafuta sababu. Akasema, "Nilikuwa najiuliza utakuja lini." Akasema tuende Jumamosi ile ile, kwa sababu mwanawe anakuja kumhamishia kwao Majita, mjini huku hakumfai tena. Hakusema kwa nini hakumfai, na hakunitazama kwa jicho baya. Hilo nalo nililishuku.

Jumamosi kabla sijatoka nilimwambia jirani yangu wa cherehani ya pili: nakwenda Igogo na Mzee Magesa, nikichelewa kurudi, anza kuuliza. Nikavaa viatu vya kukimbilia. Usinicheke.

Jiwe lenu liko vile vile, ila magugumaji yamesogea na kuziba upande mmoja. Dagaa walikuwa wameanikwa pale juu na harufu ilikuwa ile unayoijua. Mawingu yalikuwa mazito upande wa visiwani, na ziwa limetulia mno kuliko ninavyopenda. Mzee Magesa alikaa upande wa kushoto. Upande wa kulia, mahali pako, akapaacha. Nilipotaka kukaa pale akasema nikae mbele kidogo, karibu na maji. Kwa nini karibu na maji? Nikatazama mfuko wa shati lake. Kisu kilikuwemo, mpini umetokeza.

Alianza kwa kuvua furu wadogo kwa nyungunyungu, kama ulivyokuwa ukifanya, akamchagua mmoja aliye hai akamchoma ndoano mgongoni taratibu asife. Kisha akatoa kibao chako kwenye mfuko wa nailoni, bila kuficha, bila kueleza, akanipa. Nikaukunjua mshipi vidoleni. Nikalisikia fundo katikati. Umeungwa. Nikasema moyoni, subiri, Afande, mwache aingie mwenyewe kwenye wavu.

Nilirusha vibaya, akanirudishia, nikarusha tena. Tukakaa. Tulizungumza habari za mvua, habari za bei ya chumvi, habari za goti lake. Mitumbwi ya dagaa ilianza kutoka na taa zao bado hazijawashwa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumuuliza, nimeyapanga kama vipande vya suti kabla ya kushona, na nilikuwa natafuta pa kuanzia, ndipo mshipi ukavutwa.

Baba, hukunieleza. Ulinieleza, lakini hukunieleza kwamba nguvu ya samaki inafika mpaka kwenye bega. Mshipi ulianza kuniteleza, unaunguza vidole, nami nikafanya lile ulilonikataza tangu utoto, lile ulilokuwa ukilisema hata ukiwa usingizini: nikauzungusha mkononi. Mara moja, halafu mara ya pili, ili usiniponyoke. Ukanibana. Nikaburutwa hatua moja kwenye jiwe lililolowa, kisha hatua nyingine. Nilipogeuka, Mzee Magesa alikuwa ameshasimama juu yangu na kisu mkononi.

Nitakuambia ukweli. Nilidhani ananimaliza. Nilidhani nimekuwa sahihi mwaka mzima, na sasa nitakufa nikiwa sahihi.

Akaushika mkono wangu kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akapitisha kisu, na mshipi ukakatika kwa sauti ndogo kama ya kung'oa kifungo. Samaki akaenda. Mimi nikaanguka kwa makalio. Kisu kilikuwa kimemdondoka Mzee Magesa, na alikuwa analia, Baba. Nilikuwa sijawahi kumwona mzee analia hadharani namna ile. Akakaa chini, akageuza kiganja changu kwenye mwanga uliobaki. Kulikuwa na mstari mwekundu.

Nikauliza. Yale maneno niliyoyapanga yote yalikuwa yamekimbia, nikabaki na moja tu. "Hata yeye ulimkata hivi?"

Akasema, "Yeye nilichelewa."

Kisha akanieleza, na mimi nakurudishia wewe, ingawa ulikuwepo. Ulikuwa huna nguvu vidoleni kwa miezi. Ulikuwa unapumzika mara tatu njiani kutoka barabarani hadi kwenye jiwe, unajifanya unafunga viatu. Mzee Magesa alikuambia nenda hospitali, ukamwapisha asimwambie mtu. Ulisema, na alilirudia kwa sauti yako hasa: "Afande akijua, ataniwekea kufuli mlangoni." Jioni ile sangara alipovuta, ulikuwa umeshauzungusha mshipi mkononi kwa sababu vidole havishiki. Ukayumba. Mzee Magesa akaruka mbele yako akaudaka mshipi, na wewe ukakaa chini mahali pako, sasa nyuma yake. Hakugeuka. Mvuvi gani anageuka na sangara kama yule amekaza? Kila samaki alipokimbia na mshipi kumponyoka Mzee Magesa, ulifika mahali ukakazwa nyuma yake ukashika. Akajua upo, unamsaidia.

"Nilikuwa namtania," akaniambia. "Muda wote ule namtania. Namwambia, leo kichwa ni changu, mzee, leo hunipati. Mshipi umekaza, nikasema huyu yupo, amenuna tu."

Alipomtoa samaki na kugeuka, mshipi ulikuwa umeshikwa na mkono wako, lakini si na wewe.

Aliukata mshipi pale kiganjani pako kabla ya kuita watu. Mshipi ulikuwa na damu yako. Akaukata na kwenye kinywa cha samaki, akausokota wote akauficha mfukoni pamoja na kibao, kwa sababu alifikiri nikiuona, nikiona na ile alama, nitadhani baba yangu alifungwa. Akaniambia hivyo kwa upole, na mimi nikatazama maji, kwa maana ndivyo nilivyodhani. Samaki aliniletea kwa kuwa hakuweza kumrudisha ziwani wala kumwacha pale juu ya jiwe. Alikuwa ni wako. Lakini kumla hakuweza. Nikamuuliza kwa nini hakusema, watu walipomtupia mawe, kwa nini hakusema. Akasema ulimwapisha. Halafu akasema kwamba kila alipotaka kusema, alikumbuka nilivyomla samaki yule siku ile, akaona bora wamwite mchawi.

Tulirudi taratibu. Njiani alisimama mara tatu kunionyesha. Hapa, na hapa, na pale penye kisiki. Nilikuwa nimepita penye kisiki kile mamia ya mara.

Sasa nina hasira, Baba, na sitaificha kwa sababu umekufa. Mwaka mzima nilimshuku kila mtu. Nilimshuku Mzee Magesa, nikamshuku daktari, nikamshuku hata mtu wa bajaji kwamba alipitia njia ndefu. Mtu pekee ambaye sikumshuku ni wewe, na wewe ndiye uliyekuwa unaficha. Ulinidanganya na viatu. Viatu vyako vile havikuwa hata na kamba, vilikuwa vya kuchomeka. Mimi, Afande, nisiyepitwa na nyanya iliyooza, niliona baba yangu anainama kufunga viatu visivyo na kamba, nikapita.

Na nikishamaliza hasira najiuliza kuhusu lile kufuli. Ni kweli ningeliweka. Ningekufichia sandali, ningempigia simu padri, ningekaa mlangoni na cherehani yangu. Pengine ungekuwa hai. Pengine ungekuwa hai huku unatazama ukuta, unaninunia, na Jumamosi Mzee Magesa anapita dirishani na ndoo moja. Uliniogopa kidogo, mzee wangu. Nilikuwa nadhani ni utani, lile jina.

Lakini la Mzee Magesa si utani, na limetoka kinywani mwangu. Wewe ulimfunga kwa kiapo, mimi nikawapa watu mawe. Tumemwonea wote wawili, tofauti ni kwamba mimi bado nina mdomo.

Jana nilikwenda kwake na chai na maandazi, mchana, kwa kupitia njia kuu ili kila mtu anione naingia. Nilimpigia magoti nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alisema maandazi yamekauka kidogo. Mkewe ndiye aliyenishika bega. Mwanawe ataingia Jumatatu na gari la kubebea vyombo, na sijui kama neno langu litafika kabla ya gari. Neno baya lilifika Igogo yote kabla ya arobaini. Zuri nalishuku, huwa linatembea kwa miguu.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi, watu wote wakishakaa, Shangazi akishamaliza kuwapanga, nitasimama kabla ya chakula. Nitasema kwamba neno la mshipi uliokatwa lilianzia kwangu, na nitaeleza ulikatwa kwa nini. Kiapo chako nitakivunja mbele ya padri. Ukitaka kunilaumu tutakutana. Shangazi atapiga kelele kwamba nimemwaibisha. Aaibike, na mimi nitakuwa nimekaa karibu yake nikiaibika naye. Kisha nitampakulia Mzee Magesa mwenyewe, kwa mkono wangu, kwenye mkeka wa familia, kichwa cha samaki. Sato, siyo sangara. Asipokula nitakaa naye, na sahani yangu haitaguswa, hata chakula kipoe, hata watu waondoke.

Mshipi nimeuunga tena kwa kipande kipya na ndoano nyingine. Sasa una mafundo mawili na ni mfupi, lakini unafika kwenye maji. Kibao nimekirudisha kwenye msumari wake, nyumbani kwa Mzee Magesa, kiko tayari kwenda Majita au kubaki.

Mvua inakatika, naona mteja wa gauni la kijani anavuka barabara. Nitamwambia bado, ingawa liko tayari, macho yangu hayafai kuonwa sasa hivi.

Lala salama, Baba. Sweta lako nililiweka juu ya kaburi siku ya kuzika, Shangazi akaliondoa, nitalirudisha. Na huko uliko kama kuna njia ya kupanda, usijifanye unafunga viatu. Ukichoka, mwambie mtu.

Mwanao,
Afande